Tunafundisha takwimu maji yakisha kumwagika

Pana dhana iliyokita mizizi katika vyuo vikuu vyetu kwamba takwimu ni shughuli ya sura ya nne. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili huandika utangulizi wake, akapitia maandishi ya waliomtangulia, akatunga hojaji, akarudufisha nakala mia kadhaa, akapanda matatu kuzisambaza shuleni, kisha akarudi kuzikusanya. Hatimaye, akiwa amechoka na pesa zimemwishia, ndipo anapouliza: "Sasa data hizi nizifanyie jaribio gani?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi kutoka kwa walimu wenzangu wanaosoma jioni au wakati wa likizo, na kila nilisikiapo huona kwamba limechelewa kwa mwaka mzima.

Anayeuliza si mvivu wala si mjinga. Aghalabu ni mwalimu aliyeingia chuoni na swali zuri alilolitoa darasani mwake: mbona wasichana wangu huikimbia fizikia wafikapo kidato cha tatu? Mbona watoto wanaokula shuleni husoma vyema kuliko wale wanaokwenda nyumbani adhuhuri, au ni mimi tu nionavyo hivyo? Karo anailipa kutoka kwa mshahara wake, pengine kwa mkopo wa chama cha akiba. Huko chuoni hupewa kozi ya takwimu ya muhula mmoja ambamo jaribio la t, kai-skwea, anova na rigresheni hufuatana kama mabehewa ya gari la moshi, kila moja likiwa na kanuni yake na tarakimu zake za kubuni. Hufanya mtihani, akapita, akasahau. Mwaka unaofuata, anapozihitaji maarifa hizo, huwa amebakiwa na majina tu. Hapo ndipo anapokimbilia vibanda vilivyo nje ya lango la chuo, ambako vijana hodari wa kompyuta humchanganulia data kwa malipo na kumkabidhi majedwali asiyoweza kuyatetea mbele ya watahini.

Lawama hutupiwa vijana hao wa vibandani, au hutupiwa hisabati ya shule ya upili iliyomtia mwanafunzi hofu. Kwa maoni yangu, kosa liko kwingine. Tumeweka takwimu mahali pasipo pake. Tumeifanya kuwa ufundi wa kushughulikia tarakimu zilizokwisha kupatikana, ilhali kazi yake kubwa ni kuamua tarakimu zipi zitafutwe, kutoka kwa nani, ngapi, na kwa utaratibu upi. Mwingereza Ronald Fisher, ambaye bila yeye takwimu za kisasa zisingekuwa hivi zilivyo, aliwaambia wanatakwimu wenzake nchini India mwaka 1938 kwamba kumwendea mtaalamu baada ya jaribio kukamilika mara nyingi ni kumwomba apasue maiti. Labda ataweza kutaja maradhi yaliyoua jaribio hilo.

Fisher hakuwa mtu wa kukaa ofisini akicheza na herufi za Kigiriki. Tangu mwaka 1919 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akishughulika na mbolea, udongo na mazao. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu jinsi ya kupanga majaribio alianza na kisa ambacho ningependa kila mhadhiri wetu akisimulie kabla hajaandika kanuni yoyote ubaoni. Bibi mmoja alidai kwamba akionja chai anaweza kutambua kama maziwa yalitangulia kutiwa kikombeni au chai ndiyo iliyotangulia. Sisi wa huku, ambao huchemsha maji, majani, maziwa na sukari katika sufuria moja, tungemwona bibi huyo kuwa na mikogo isiyo na faida. Lakini Fisher alilichukua dai lake kwa uzito akauliza: atajaribiwaje?

Jawabu lake lilikuwa vikombe vinane, vinne vikiwa vimetiwa maziwa kwanza na vinne vikiwa vimetiwa chai kwanza, vikapangwa kwa bahati nasibu. Bibi aambiwe kwamba vya kila aina ni vinne, kisha avibague. Njia za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane ni 70, na iliyo sahihi ni moja tu. Basi mtu anayebahatisha tu ana uwezekano wa 1 kwa 70, yaani takriban 0.014, wa kupatia vyote. Akichanganya kikombe kimoja tu cha kila aina, hali hubadilika kabisa, kwa sababu anayebahatisha ana uwezekano wa 17 kwa 70, karibu robo, wa kufikia kiwango hicho au kukipita. Hapo hatuwezi kusema lolote la maana kuhusu ulimi wake.

Tazama sasa jambo ambalo wanafunzi wetu hawaonyeshwi. Kama Fisher angetumia vikombe vinne badala ya vinane, njia za kuvibagua zingekuwa sita tu. Hata bibi angepatia vyote, mtu angeweza kusema ni bahati, kwani bahati hiyo hutokea mara moja katika sita. Kwa vikombe sita njia ni 20. Kwa hiyo idadi ya vikombe ndiyo iliyoamua kama swali lingeweza kujibika au la, na uamuzi huo ulifanywa kabla ya birika kuinuliwa. Hakuna programu ya kompyuta, iwe ya bei gani, inayoweza kuurekebisha baada ya chai kunywewa.

Katika kisa hichohicho mwanafunzi angejifunza pia maana ya ile thamani ya p inayowatoa jasho wengi. Ile 0.014 si uwezekano kwamba bibi anabahatisha. Ni uwezekano wa kupatia vyote *ikiwa* anabahatisha. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni kubwa kama tofauti ya kusema kwamba wengi wa walimu ni Wakenya na kusema kwamba wengi wa Wakenya ni walimu. Mwaka 2016 Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kililazimika kutoa taarifa rasmi kuwakumbusha watafiti wa ulimwengu mzima kwamba thamani ya p haipimi ukubwa wa jambo wala umuhimu wake, na kwamba uamuzi wa kisayansi haufai kutegemea tu kama thamani hiyo imevuka mstari fulani. Ikiwa maprofesa wa ng'ambo walihitaji kukumbushwa, hatuna sababu ya kumcheka mwalimu wetu.

Nije kwenye nambari 384. Yeyote aliyepitia tasnifu za vyuo vyetu, hasa za elimu na biashara, amekutana nayo. Imekuwa kama hirizi. Mwanafunzi anayechunguza maoni ya wakulima wa kahawa huhoji 384, anayechunguza wauguzi huhoji 384, na anayechunguza wanafunzi wa kidato cha nne huhoji 384. Wengi huinukuu kutoka kwa jedwali lililochapishwa na Krejcie na Morgan mwaka 1970, au kutoka kwa kitabu kilichoinukuu humo. Ukiuliza imetokana na nini, unaonyeshwa jedwali.

Asili yake si siri. Zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.25, halafu ugawanye kwa 0.0025, utapata 384.16. Ile 1.96 ni ya mtu anayetaka uhakika wa asilimia 95. Ile 0.25 ni nusu mara nusu, hali mbaya zaidi, ambapo watu wamegawanyika sawasawa baina ya ndiyo na la. Ile 0.0025 ni asilimia tano ikizidishwa kwa asilimia tano, nayo ni kadiri ya kosa anayokubali kuivumilia. Kwa maneno mengine, 384 ni jibu la swali moja tu: nikitaka kukadiria ni sehemu gani ya watu wengi sana husema ndiyo, na kila mtu nikimchota peke yake kwa bahati nasibu kutoka kwa orodha kamili, nihoji wangapi ili nisikosee kwa zaidi ya asilimia tano? Ni jibu sahihi kwa swali hilo. Lakini mwanafunzi wetu aghalabu hana swali hilo. Yeye anataka kulinganisha shule za bweni na za kutwa, na hakumchota mtu yeyote peke yake, kwani alikwenda katika shule kumi na kumpa hojaji kila aliyemkuta darasani.

Hapo pana jambo ambalo mwalimu yeyote analijua moyoni, ingawa hakufundishwa jina lake. Watoto wa darasa moja hufanana. Wana mwalimu mmoja, paa moja linalovuja, msimu mmoja wa njaa, mkuu wa shule mmoja mkali au mlegevu. Ukishawauliza kumi, wa kumi na moja hakuambii mengi mapya. Leslie Kish, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu uchukuaji wa sampuli, alieleza namna ya kupima hasara hiyo, na hesabu yake mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza. Tuseme sehemu moja ya tano ya tofauti zote za alama hutokana na shule anayosoma mtoto. Nikichukua shule 10 na watoto 40 katika kila shule, ninapunguza moja kutoka 40, ninazidisha 39 kwa 0.2, ninaongeza moja, ninapata 8.8. Hojaji zangu 400 nikizigawanya kwa 8.8, zina uzito wa watoto 45 tu waliochotwa mmojammoja. Lakini nikichukua shule 40 na watoto 10 katika kila shule, kigawanyo kinakuwa 2.8, na hojaji zilezile 400 zina uzito wa watoto wapatao 143.

Karatasi ni zilezile, wino ni uleule, na maarifa yamezidi mara tatu. Kilichoongezeka ni nauli. Basi mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba angekaa na msimamizi wake wakapima: je, afadhali shule 20 na watoto 15? Mazungumzo hayo ndiyo takwimu. Yanafanyika kabla ya kupanda matatu, na katika pendekezo la utafiti ndipo mahali pake. Badala yake pendekezo huwa na aya moja iliyonakiliwa, yenye jina la kanuni na nambari 384, na msimamizi hutia sahihi.

Kuna watakaosema kwamba ninawataka walimu wa kawaida wafanye mambo ya Ulaya. La, hasha. Baadhi ya mifano bora ya jambo hili duniani ilitoka hapa kwetu, katika wilaya za Busia na Teso kama zilivyoitwa wakati huo, na ilihusu vitu ambavyo kila mwalimu wa shule ya msingi amevishika kwa mikono yake. Huona ajabu kwamba mifano hiyo hufundishwa Marekani kila mwaka ilhali mwanafunzi wa uzamili aliyezaliwa Busia anaweza kuhitimu bila kuisikia.

Chukua chati za ukutani, zile karatasi kubwa zenye picha za sayansi, hisabati na afya ambazo mwalimu huzifunua moja baada ya nyingine. Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichapisha utafiti kuhusu chati hizo mwaka 2004. Walilinganisha kwanza kwa njia ile ambayo wanafunzi wetu huitumia: walitazama shule zenye chati na zisizo nazo, wakaangalia matokeo ya mitihani, wakatia katika rigresheni mambo mengine waliyoweza kuyapima. Chati zilionekana kusaidia, na kusaidia sana. Makadirio yao yalifika sehemu moja ya tano ya mtawanyiko wa kawaida wa alama. Kwa tasnifu ya kwetu kazi ingekuwa imekwisha. Nyota zingewekwa kando ya tarakimu, na mapendekezo yangeandikwa kwamba wizara inunulie kila shule chati.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Walichukua shule 178, wakachagua nusu yake kwa bahati nasibu, wakazipa chati. Walipolinganisha matokeo ya nusu hiyo na nusu iliyobaki, tofauti ilikuwa kama hakuna. Chati zilezile na watoto wa eneo lilelile, lakini majibu mawili. Sababu si ngumu kuiwazia mtu aliyewahi kufundisha. Shule iliyojinunulia chati kwa hiari yake ina mengine pia: wazazi wanaochanga, mwalimu mkuu anayefuatilia, pengine walimu wasiokosa darasani Jumatatu. Mambo hayo hayakuwa katika hojaji, na kisichokuwa katika hojaji hakiwezi kuingizwa katika rigresheni. Chati zilikuwa zikisifiwa kwa jasho la wengine.

Ningependa msomaji atue hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Katika sura ya nne, uchanganuzi wa kwanza na wa pili hufanana. Majedwali ni yaleyale na programu ni ileile. Kwa hakika ule wa kwanza una hesabu ngumu zaidi na ungewatia watahini hofu zaidi. Kinachoutofautisha wa pili ni tendo moja lililofanywa mwanzoni kabisa, la kugawa chati kwa bahati nasibu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba takwimu ni kuchagua jaribio atadhani tofauti iko katika jaribio.

Si kila mtafiti anaweza kugawa vitu kwa bahati nasibu. Mwanafunzi wa uzamili hana chati za kugawa, na yako maswali mengi, kama vile athari za kuolewa mapema, ambayo haingekuwa utu kuyafanyia majaribio. Lakini hata yeye anaweza kujiuliza mapema: shule ninazolinganisha zilifikaje huko zilipo? Nani alichagua, na kwa nini? Kuna kipimo cha zamani, kilichochukuliwa kabla ya jambo ninalolichunguza kutokea? Kumbukumbu za mahudhurio za miaka iliyopita mara nyingi zimo kabatini mwa mwalimu mkuu, na ni data njema kuliko hojaji nyingi.

Nimetaja hojaji, na siwezi kupita bila kulalamika. Tasnifu nyingi zenye kichwa cha athari za jambo fulani kwa matokeo ya KCSE hazina matokeo hata moja ya KCSE ndani yake. Zina maoni. Walimu 120 wameulizwa kama wanakubaliana kwamba uongozi bora huinua matokeo, wameweka alama kati ya moja na tano, na wastani umetoka 4.3. Tulichopima ni kwamba walimu hupenda uongozi bora, jambo ambalo hatukulitilia shaka. Hapo hata mwanatakwimu hodari hana la kufanya, kwa kuwa jibu la swali lililoulizwa halimo katika karatasi zilizoletwa.

Hofu nyingine inayowaharibu wanafunzi wetu ni hofu ya matokeo yanayosema "hakuna tofauti". Nimewaona watu wazima wakikosa usingizi kwa ajili yake, wakihamisha vigeu huku na huko hadi mstari wa 0.05 uvukwe. Kumbe utafiti wa chati ulipata sifa kwa kusema hakuna tofauti. Na mwaka 2009 Glewwe, Kremer na Moulin walichapisha utafiti mwingine wa eneo hilohilo kuhusu vitabu vya kiada. Vitabu havikuinua wastani wa alama. Walipochungua ndani ya wastani huo wakakuta kwamba wanafunzi waliokuwa wakifanya vyema tangu awali walinufaika, na wengine hawakunufaika. Mojawapo ya maelezo waliyoyatoa ni lugha: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Wengi hawakuweza kuvisoma. Jambo hilo walimu wa Kiswahili tumelisema kwa miaka na mikaka bila kusikizwa. Huko Busia lilisemwa kwa tarakimu, na tarakimu hizo zilianza kwa matokeo ambayo mwanafunzi wetu angeyaficha.

Basi tufundishe vipi? Mimi ningeanza na kitu ambacho kila mwalimu wa Kenya anakijua kuliko profesa yeyote, nacho ni wastani wa alama za shule. Kila matokeo ya KCSE yatangazwapo, mkuu wa shule fulani ndogo hubebwa juu kwa juu na wazazi, huku wa shule nyingine ndogo akitakiwa ahamishwe. Katika mizani ile ya A kuwa 12 na E kuwa 1, tuseme alama za watahiniwa hutawanyika kwa pointi tatu hivi kandokando ya wastani. Shule yenye watahiniwa 16, wastani wake utayumba mwaka hadi mwaka kwa kadiri ya tatu gawanya kwa nne, yaani 0.75, hata kama mafundisho hayakubadilika hata chembe. Shule yenye watahiniwa 144 itayumba kwa 0.25 tu. Ndiyo maana shule ndogo huwa nyingi kileleni na pia mkiani. Mwalimu aliyelielewa hilo kwa kalamu na karatasi ameelewa jambo ambalo nusu ya majaribio yote ya takwimu yamejengwa juu yake, na anaweza pia kumtetea mkuu wa shule yake mbele ya bodi.

Baada ya hapo ningeleta debe la maharagwe mekundu na meupe yaliyochanganywa, kila mwanafunzi achote kikombe, ahesabu, aandike ubaoni. Darasa la watu thelathini litaona kwa macho yake jinsi sampuli zinavyotofautiana ingawa debe ni moja. Wahadhiri wengine huona jambo hili kuwa la kitoto, lisilostahili shahada ya uzamili. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba ukubwa wa shahada hupimwa kwa wingi wa alama za Kigiriki.

Na katika pendekezo la utafiti ningedai kitu kimoja kabla ya sahihi yangu: majedwali ya sura ya nne yakiwa matupu. Mwanafunzi achore jedwali lake, aandike vichwa vya safu, aache nafasi za tarakimu, kisha anieleze: nikiona 40 hapa na 60 pale nitasema nini? Nikiona 50 na 50 nitasema nini? Asipoweza kujibu, hojaji isirudufishwe. Zoezi hili halihitaji kompyuta, wala halihitaji msimamizi awe bingwa wa takwimu, jambo ambalo ni la heri, maana wasimamizi wengi walipitia kozi ileile ya mabehewa. Mtaalamu akihitajika, aitwe wakati huo. Hakuna aibu katika kutafuta ushauri wa mtaalamu, hata wa kulipwa. Aibu ni kumletea maiti na kumlipa aipake rangi.

Kompyuta ije baadaye, nayo si lazima iwe ya gharama. SPSS ilizaliwa Stanford mwaka 1968 na leseni yake ni ghali kwa chuo, sembuse kwa mwalimu, na ndiyo sababu nakala za wizi zimejaa kote. Programu ya R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, haitozwi hata senti. Ugumu wake wa mwanzoni una faida: mwanafunzi huandika kila hatua aliyoichukua, na mtu mwingine anaweza kuisoma na kuirudia.

Kwamba hatua zirudiwe si jambo dogo. Mwaka 2004 Edward Miguel na Kremer walichapisha utafiti wa dawa za minyoo uliofanywa katika shule 75 za msingi za Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Waliripoti kwamba kukosa shule kulipungua kwa robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda, na kwamba hata watoto wa shule jirani walinufaika. Kremer alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa majaribio ya aina hiyo. Lakini mwaka 2015 watafiti wengine walioko London, wakitumia data na hesabu ambazo wenyewe walikubali kuzitoa, waliurudia uchanganuzi huo wakatangaza makosa, hasa katika hesabu ya manufaa kwa shule za mbali. Mabishano makali yakazuka baina ya wachumi na madaktari, na wenye utafiti wakashikilia kwamba msingi wa matokeo yao haukutikisika. Kwa mwanafunzi, mabishano hayo yana thamani kuliko kitabu kizima cha kanuni, kwa kuwa anawaona wakubwa wakigombania maswali yaleyale anayopaswa kujiuliza.

Data hizo za Busia, pamoja na maelezo ya kuzitumia, ziko wazi kwa umma. Mhadhiri anayefungua kozi muhula ujao anaweza kuwapa wanafunzi wake wiki ya kwanza, kabla ya kanuni yoyote, na kuwaambia wahesabu shule kwanza ndipo wahesabu watoto.